Mto Usiofika Nusu ya Mraba

Kwenye sherehe ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hatarajiwi tena popote. Naishukuru, nimeitundika juu ya redio. Lakini mkubwa wenu aliposimama kunisifu, alisoma vyeo vyangu kimoja baada ya kingine mpaka soda zikapata moto, wala hakutaja hata kalamu moja. Vyeo hivyo mtavikuta kwenye faili. Mimi nataka kuwaambia habari za miraba, maana ndiyo iliyonilea.

Nyinyi mnaiita rasta. Mnafungua kompyuta, nchi nzima imekatwa miraba midogo, kila mraba una namba yake moja, na mashine imeshaijaza yote kabla chai haijapoa. Sisi tuliijaza kwa mkono. Kazi ni ileile: mraba mmoja, namba moja, na chochote kingine kilichomo ndani ya mraba huo kimekwenda na maji. Hilo la mwisho ndilo nililochelewa kulielewa, na kuchelewa kwangu kulikaribia kumuua mwanamke mmoja wa kijiji cha Lobule, upande wa Koboko.

Niliajiriwa mjini Arua, karibu na mpaka wa Kongo, mwaka wa sabini na mbili, nikiwa na miaka kumi na tisa. Ofisi yetu ilikuwa ya kupima mbung'o, yule nzi anayeambukiza malale, ugonjwa wa usingizi. Sisi ni Wanubi wa mjini. Babu alikuwa askari, baba akawa fundi cherehani. Baba aliuliza kama serikali imeishiwa watu wa kuhesabu nzi mpaka imchukue binti yake. Mama, aliyeuza mandazi, akasema afadhali nzi wa serikali kuliko nzi wa mandazi, na mjadala ukaishia hapo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Zefirino, mchoraji wa ramani aliyetoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, ambako alijifunza kuchora kwenye kampuni ya pamba. Alikuwa mwembamba, mkali, na suruali yake ilikuwa na mkunjo ambao ungeweza kukatia mkate. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya kioo cha macho mawili, kifaa chenye miguu minne ya chuma. Chini yake aliweka picha mbili zilizopigwa na ndege, za mahali pamoja, akanambia nitazame na ninyamaze. Mwanzo niliona madoa. Kisha macho yakakubaliana, na mlima ukasimama. Miti ikainuka, nyumba zikapata paa. Nilivuta mkono haraka nikidhani nitaangusha kibanda cha mtu. Papa hakucheka. Alisema tu kwamba niendelee kuwa na woga huo.

Kwa miezi mitatu hakuniruhusu kugusa wino. Nilichonga penseli kwa msasa mpaka ncha ikawa sindano. Nilisugua karatasi kwa unga wa chaki ili kuondoa jasho la mkono, kwa sababu, kama alivyokuwa akisema, "Jasho ni adui ya wino." Nilijifunza kukwangua kosa kwa wembe, polepole, bila kutoboa karatasi, halafu kulainisha mahali pale kwa kijiko ili wino mpya usisambae. Kalamu yake ya wino aliifunga kwa kitambaa na kuitia mfukoni kila alipokwenda chooni. Hakuna mtu aliyewahi kuishika, hata Bwana Mkaguzi, mkubwa wa ofisi.

Nilipofuzu, akanipa nailoni. Ilikuwa karatasi ngumu, angavu, aliyoichora miraba kwa ncha ya sindano na kupaka wino ndani ya mikwaruzo. Unailaza juu ya picha ya angani, na kila mraba ni kilomita moja kila upande. Kisha unauliza: humu kuna nini? Mashamba ni moja. Nyasi ni mbili. Vichaka ni tatu. Miti ya kando ya mto, ambamo mbung'o wetu hupenda kukaa, ni nne. Na kama humo kuna hiki na kile? Sheria ilikuwa fupi: mwenye nusu ndiye mwenye mraba. Kikubwa kinachukua namba, kidogo kinasahauliwa.

Mwaka uliofuata tukapewa kazi ya kuchora ramani ya miraba ya Koboko yote. Ramani hiyo ndiyo ingeamua wategaji wa mbung'o wapelekwe wapi, na lori la waganga, lenye hadubini na watu wa kupapasa tezi za shingo, ambazo malale huzivimbisha, lipite njia gani. Tulipofika katikati ya kazi, Papa akafiwa na kaka yake, akavuka mpaka kwenda matangani. Nikabaki peke yangu na nailoni.

Lobule nakumbuka niliijaza Jumatano moja. Kulikuwa na mashamba, nyasi, njia za miguu, na katikati mstari wa miti kama uzi mweusi kwenye kanga. Ni kijito tu. Hakuna mraba hata mmoja ambao uzi ule uliufikia nusu, wala robo. Kwa hiyo niliandika moja, mbili, mbili, moja, nikapita. Sitawadanganya kwamba roho ilinisuta. Haikunisuta hata kidogo; nilikuwa nikipiga mluzi. Papa aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha, wino umekauka, na Bwana Mkaguzi alikuwa ameshaisifu kwamba ramani ni safi sana, ameshatia sahihi na kuipeleka makao makuu. Usafi ule ndio uliokuwa ugonjwa wake, lakini nani angejua?

Miezi minane baadaye, asubuhi, aliingia Wani. Wani alikuwa mtegaji wetu, Mkakwa wa Lobule, mtu wa miguu mirefu aliyezunguka na baiskeli na wavu wa kunasia mbung'o. Ramani yangu ilikuwa imemwondoa kwao na kumpeleka kwenye miinuko mikavu iliyokuwa na namba tatu nyingi, za vichaka, kwa kuwa nne zilikuwa adimu, ambako hakunasa chochote isipokuwa homa. Siku hiyo hakuwa na wavu. Aliweka kiberiti mezani kwangu, akakifungua. Ndani mlikuwa na mbung'o wawili waliokufa.

"Dada Hawa," alisema, "hii natoka Lobule, pale kwa kivuko. Karatasi yako nasema Lobule mbung'o hakuna. Bibi yangu Poni iko nalala mchana, usiku natembea natembea. Shingo yake iko na tezi. Mimi najua hii kitu. Nionyeshe, iko wapi mto yetu kwa karatasi?"

Nikafungua nakala ya ramani nikaitafuta Lobule. Nilipitisha kidole mara mbili. Mto haukuwepo. Sikuuchora vibaya, wala sikuuchora mahali pengine. Haukuwepo kabisa, kana kwamba haujawahi kutiririka. Wani hakunigombeza. Alieleza tu kwamba zahanati imempa mkewe Poni dawa ya malaria mara tatu, kwamba ndugu zake wanasema amerogwa na wanataka kumpeleka kwa mganga wa kienyeji wa mbali, na kwamba watu wengine wawili kijijini wameanza kusinzia vilevile. Lori la waganga lilikuwa liondoke baada ya siku tisa kwenda upande mwingine wa wilaya, na petroli ya miezi ile ilikuwa ya safari moja.

Nikampelekea Papa Zefirino ramani na kile kiberiti. Aliipitia ramani mraba kwa mraba. Nilitegemea aseme kwamba nilikosea, ili nilie nimalize. Badala yake alivua miwani.

"Hapana wewe," alisema. "Ni mimi nilikufundisha ile sheria. Ile sheria ilikuwa ya pamba, binti. Pamba, unatafuta kile kiko kingi. Ugonjwa, unatafuta kile kiko. Hata kama ni kidogo, mutu anakwenda pale kuchota maji."

Wanangu, kama mtasahau mengine yote, hilo shikeni. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nilikuwa nimedharau mto mzima. Papa akaniambia kanuni mpya: kila mraba ambao miti ya mto imeugusa, hata kwa ukucha, upewe nne. Lakini Bwana Mkaguzi alikuwa ameshatia sahihi ile ya kwanza, na zama zile mtu hakuandikia makao makuu kwamba alikosea kama anavyoandika leo. Barua ya namna hiyo ingeweza kusomwa na watu usiowatarajia, na aliyeiandika asionekane tena. Tulipompelekea kiberiti alisema mbung'o wawili wanaweza kuwa wamekuja juu ya ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye watoto sita. Akasema nikimletea ushahidi wa kweli kabla lori halijaondoka, atafikiri.

Tulipanda gari la posta mpaka Koboko, Wani na mimi, picha za angani nimezifunga ndani ya mkeka. Kwenye kizuizi askari alizifungua akauliza kwa nini msichana anatembea na picha za nchi iliyotazamwa kutoka juu. Swali lilikuwa zuri, na jibu baya lingetulaza pale, au mahali pabaya zaidi. Wani akafungua kiberiti. Askari akatazama mbung'o, akajikuna shingo, akauliza kama kweli wanaleta usingizi. Tukamwambia ndiyo. Akatufungulia njia, na mpaka tunapotea kwenye kona alikuwa bado anajipapasa.

Lobule tulifika kwa baiskeli, mimi nyuma nimeukumbatia mkeka. Poni tulimkuta amekaa mlangoni, kisu mkononi na muhogo nusu umemenywa, amelala huku amekaa. Mtoto wake mdogo alikuwa akimvuta kidole. Alipoamka alinisalimu vizuri, akaniuliza jina, kisha baada ya muda mfupi akaniuliza tena. Alikuwa na umri usiozidi thelathini. Majirani walisema zamani yeye ndiye aliyeongoza nyimbo mtoni na hakuna aliyemshinda kwa maneno. Nilimwangalia nikakumbuka ule mluzi wangu wa Jumatano, na nilijichukia.

Siku mbili nilisimama kivukoni na wavu wa Wani, tukanasa mbung'o wanne tu. Hao wasingemtikisa Bwana Mkaguzi. Siku ya pili jioni nilimuuliza mama mmoja mnene, wifi yake Poni, wanawake hushinda wapi wakija mtoni. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mdomo uko wapi. Akasema, "Si hapa. Hapa ni ya wanaume na ng'ombe. Sisi iko juu, pale tunaloweka mihogo."

Mnajua muhogo mchungu hauliwi hivihivi. Unalowekwa majini siku tatu, nne, mpaka ulainike, ndipo umenywe na kuanikwa. Wanawake wa Lobule walikuwa na madimbwi yao mbali juu ya kivuko, ndani kabisa ya miti, kwenye kivuli kizito, na wakimaliza kumenya walioga palepale. Kwa hiyo mwanaume hakukanyaga huko. Wani alikuwa ametega mbung'o kwa miaka mingi, anaujua mto ule kama kiganja chake, lakini madimbwi ya mihogo hakuwahi kuyaona hata siku moja, kwa sababu ya heshima. Wategaji wote walikuwa wanaume. Ofisi nzima ilikuwa na nyavu kumi na mtu mmoja tu ambaye angeweza kuupeleka wavu pale, naye ndiye alikuwa amekaa Arua akichonga penseli.

Kesho yake nikaenda na wanawake. Kulikuwa na baridi nzuri chini ya miti, harufu kali ya muhogo uliovunda, na kila dimbwi lilikuwa na mwenyewe. La Poni walinionyesha: lilikuwa la mwisho, lenye kivuli kuliko yote, kwa sababu yeye alipenda kukaa muda mrefu akiimba. Nilipunga wavu mara moja tu, ukawa mzito. Wanawake walinicheka nilivyokuwa nikiruka kila nikiumwa. Wao walikuwa wakijipiga kwa matawi bila hata kukatiza mazungumzo. Kufika adhuhuri chupa zangu tatu zilikuwa zimejaa. Nikapima upana wa ule mstari wa miti kwa hatua: arobaini, mahali pengine thelathini. Kwenye mraba wa kilomita ni kitu cha kufuta kwa kidole gumba. Na ndani ya hatua arobaini hizo walishinda wanawake wote wa kijiji.

Tulirudi Arua siku ya sita. Papa na mimi tulichora upya kwa siku mbili, yeye Koboko ya juu na mimi ya chini. Safari hii niliweka pia alama ndogo kila mahali ambapo wanawake walinitajia madimbwi, jambo ambalo halikuwa kwenye kanuni yoyote. Ramani haikuwa safi tena. Namba nne zilitambaa kila upande kama siafu. Bwana Mkaguzi alipoiona alishika kichwa, akasema makao makuu watauliza nchi imebadilikaje kwa miezi minane. Nikaweka chupa tatu juu ya meza yake. Papa Zefirino, ambaye katika miaka yote sikuwahi kumsikia akimpinga mkubwa, akasema taratibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kama sahihi inahitajika, yake ipo, iandikwe kwamba kosa ni la mchoraji. Bwana Mkaguzi akaiinua chupa moja kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akachukua kalamu yake, akaandika yeye mwenyewe juu ya karatasi: "Toleo la pili, limesahihishwa uwandani." Alikuwa na watoto sita, na alitia sahihi. Namkumbuka kwa hilo kuliko makaripio yake yote.

Lori lilikwenda Lobule. Waganga waliwapapasa watu shingo chini ya turubali kutwa nzima, na waliokutwa na malale hawakuwa watatu kama tulivyodhani bali walizidi, wengi wao wanawake. Poni alipelekwa hospitali ya misheni kule Kuluva, karibu na Arua. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kichwani, na dawa ya hatua hiyo ilikuwa kali, inaunguza mshipa ikiingia. Wani aliuza mbuzi, akalala chini ya kitanda chake kwa wiki nyingi. Mimi nilikwenda kila Jumapili na mandazi ya mama. Jumapili za kwanza hakunijua. Kisha ikaja moja ambayo aliniuliza jina, na muda mfupi baadaye nilijiandaa kuulizwa tena, lakini hakuuliza. Alisema, "Hawa, hii mandazi nakosa sukari." Nilitoka nje ya wodi nikalia mpaka muuguzi akaniuliza nani amefariki.

Ulipita karibu mwaka ndipo akaja ofisini. Alikuja na Wani, amevaa gauni la kijani, kichwani amebeba kikapu cha unga wa muhogo mweupe pe. Alisema hakuja kwa ajili ya kusalimia, amekuja kuona ile karatasi iliyompoteza. Nikaitoa nakala ya zamani. Nikamwonyesha mraba wake, na moja niliyoiandika mimi. Aliutazama sana.

"Kwa hivyo hapa mimi nakuwa shamba," alisema.

Nikamwambia ndiyo, na nikamwomba msamaha, mbele ya watu wote. Aliniambia shamba si tusi. Kisha akauliza kama inaweza kurekebishwa. Nikamweleza kwamba kuna toleo la pili, ambalo limesharekebishwa. Akasema hapana, anataka hii hii.

Papa Zefirino aliinuka. Akachukua wembe, akaikwangua ile moja yangu taratibu, akapasugua kwa kijiko. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akafungua kitambaa, akamkabidhi Poni kalamu yake. Ofisi nzima iliacha kazi. Poni hakuwa amesoma. Nilimwonyesha nne inavyokaa kwenye kipande cha karatasi, akainama, ulimi nje kidogo, akaiandika. Ilitoka kubwa, imelala upande, mguu wake mmoja umeingia mraba wa jirani na tone la wino limedondoka juu. Nilimtazama Papa, mtu aliyewahi kunirudisha mezani mara kumi kwa kosa la unene wa unywele. Alipuliza wino ukauke, basi.

Vita vilipofika mwaka wa sabini na tisa, watu walikimbia na magodoro na kuku. Mimi nilivuka mpaka na mkeka ule ule, ndani yake nailoni na karatasi hiyo, na mama akinitukana kwa nini sikubeba sufuria. Papa Zefirino, aliyekuwa ametangulia kuvuka, ndiye aliyetupokea upande wake. Tulirudi baadaye, tukaanza upya, mengine mnayajua.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliwaona mkipunguza ramani ya Koboko kwenye kompyuta, miraba midogo ikiunganishwa kuwa mikubwa. Mashine ilikuwa imejichagulia yenyewe sheria ya kuunganisha, nayo ilikuwa ile ile ya pamba. Nikawauliza mto wa Lobule uko wapi. Mlitafuta, mkaangaliana, na bila kubishana mkarudia kazi yote mkaanza na kile kilichomo, hata kikiwa kidogo. Siku hiyo ndipo nilipojua naweza kustaafu.

Karatasi ya Poni nimeiacha kwenye droo ya chini ya meza yangu, pamoja na nailoni na wembe wa Papa. Yeye Poni bado yupo, ana wajukuu, na anaimba vibaya siku hizi ila hakuna anayethubutu kumwambia. Anaweza kuja siku moja kuiona. Droo ni yenu sasa, pangeni mnavyotaka, safisheni mnavyotaka. Ila ile nne iliyolala upande msiikwangue.